Somo la Ardhi: Banda la Zamani, Ploti Mpya

Kwenye miteremko ya Rong'e, mabanda mengi ya mifugo ni ya zamani kuliko mipaka inayoyazunguka. Mzee alijenga banda shamba likiwa moja. Watoto wakagawana, mmoja akauza sehemu yake, na mnunuzi akajenga nyumba. Leo dirisha la chumba cha kulala linatazamana na banda la ng'ombe. Mwenye ng'ombe, anayelipa karo kwa maziwa, anasema, "Banda lilikuwepo kabla yako." Jirani anajibu, "Hapa sasa ni makazi." Somo hili linaeleza jinsi sheria inavyopima madai hayo mawili.

1. Banda lilijengwa lini?

Sheria ya mipango ya ardhi ya 1996 ilianza kutumika tarehe 29 Oktoba 1998. Kabla ya hapo, sheria za mipango zililenga zaidi miji. Kwa hiyo banda lililojengwa shambani miaka ya 1970 huenda halina kibali cha mipango, na kukosa karatasi hiyo pekee hakutoshi kuthibitisha kwamba mwenyewe alivunja sheria.

Sheria inayotumika sasa ni Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya 2019. Inahitaji idhini ya kaunti kabla ya kujenga, na pia kabla ya kubadilisha kwa kiasi kikubwa matumizi ya ardhi au jengo. Anayeanza bila idhini anaweza kutozwa faini isiyozidi Sh500,000, kufungwa kwa muda usiozidi miezi miwili, au adhabu zote mbili.

Hapa ndipo wengi hukosea. Kuendelea kufuga ng'ombe kwenye banda lilelile ni jambo moja. Kulipanua, au kuligeuza kuwa vyumba vya kupangisha, kinu cha posho au kanisa, ni jambo jipya linalohitaji idhini, hata kama kuta zina umri wa miaka 50.

2. Shamba liligawanywa vipi?

Kugawa ardhi ya kilimo kunahitaji ridhaa ya bodi ya udhibiti wa ardhi, chini ya sheria ya 1967, na pia idhini ya mipango kutoka kwa kaunti. Lakini kugawa ardhi hakubadilishi matumizi yake. Ombi la kugawa na ombi la kubadilisha matumizi ni maombi mawili tofauti. Kipande cha robo ekari kinaweza kuitwa "ploti ya makazi" na muuzaji huku rekodi zikionyesha bado ni ardhi ya kilimo.

Hivyo, neno la muuzaji halitoshi, na ukubwa wa kipande hautoshi. Kinachoangaliwa ni barua ya idhini na masharti yaliyoandikwa humo.

3. Je, banda linadhuru afya?

Hata mwenye banda la zamani asiye na kosa la mipango bado anabanwa na Sheria ya Afya ya Umma, Sura 242. Sheria hiyo inataja waziwazi zizi la farasi, banda la ng'ombe na jengo lolote la wanyama au ndege: likijengwa, likiwekwa au likitumiwa kwa namna inayokera au kuhatarisha afya, ni kero kisheria. Umri wa banda si kinga. Samadi ikitiririka hadi kisima cha jirani, afisa wa afya anaweza kumwamuru mwenye banda aondoe kero hiyo.

Mambo ya kufanya

Mwenye banda: Hifadhi ushahidi wa umri na matumizi yake, kama vile picha za zamani, risiti za maziwa au chanjo, na maelezo ya wazee wa mtaa. Safisha banda, na elekeza maji machafu mbali na mpaka.

Familia inayogawa shamba: Mwombeni mpima ardhi aonyeshe banda kwenye mchoro wa ugawaji kabla haujawasilishwa. Mpaka usipite katikati ya banda, na banda lisibaki limebanwa ukutani mwa kipande kinachouzwa.

Mnunuzi: Fanya upekuzi wa hatimiliki, lakini kumbuka kwamba cheti cha upekuzi huonyesha mwenye ardhi na vizuizi vilivyosajiliwa. Hakionyeshi banda la jirani. Tembelea ploti asubuhi na jioni, na uombe nakala ya idhini ya ugawaji kabla ya kulipa.

Mwenye malalamiko: Yapeleke kwa afisa wa mipango ya ardhi, au kwa afisa wa afya ikiwa suala ni uchafu. Jirani akiomba kubadilisha matumizi, anatakiwa kuujulisha umma, nawe una haki ya kuwasilisha pingamizi.

Aliyepewa notisi: Asiipuuze. Ana siku 14 za kukata rufaa kwenye kamati ya kaunti inayosikiliza rufaa za mipango ya ardhi. Asiporidhika na uamuzi wa kamati, anaweza kwenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi.

Migogoro mingi ya aina hii huanza siku ya kugawa shamba. Wakati huo kusogeza mpaka kwenye mchoro ni kazi ya penseli. Baada ya hati kutoka na nyumba kujengwa, hatua hizohizo chache huhitaji mawakili.