Miaka Mitatu ya Kwanza: Msaada wa Mapema kwa Watoto Wanaochelewa Kukua

Ubongo wa mtoto aliyezaliwa kwa wakati wake una uzito wa gramu 350 hivi. Atimizapo mwaka mmoja hukaribia gramu 900, na ule wa mtu mzima ni kiasi cha gramu 1,300 hadi 1,400. Kwa hiyo sehemu kubwa ya ujenzi wa ubongo hufanyika kabla mtoto hajaweza kuvaa shati lake mwenyewe. Nchi yetu, kama nyingine nyingi, ilianza kuwahudumia watoto wenye matatizo kwa njia ya shule. Shule ya wasioona ya Buigiri ilifunguliwa mwaka 1950, ya viziwi Tabora mwaka 1963, na ya Buguruni mwaka 1974. Shule hizo zimefanya kazi ya heshima kubwa. Lakini shule humpokea mtoto akiwa na miaka sita au saba, na sayansi inatuonyesha kuwa kwa mambo mengi huo ni wakati uliochelewa.

Ushahidi mmoja ulio wazi ulitokana na paka. Wanasayansi David Hubel na Torsten Wiesel, waliopata Tuzo ya Nobeli mwaka 1981, walilifumba jicho moja la paka mchanga kwa muda wa wiki chache, kisha wakalifumbua. Jicho lilikuwa zima kabisa, lakini ubongo haukulisikiliza tena: seli ambazo zingepokea habari zake zilikuwa zimekwisha kutekwa na jicho la pili. Paka mkubwa alipofanyiwa vivyo hivyo hakupata dhara hilo. Ndiyo sababu mtoto aliyezaliwa na mtoto wa jicho hupasuliwa katika miezi ya mwanzo, ilhali babu yake mwenye ugonjwa huo huo anaweza kungoja mwaka mzima na bado akaona vizuri baada ya upasuaji. Kusikia nako kuna utaratibu wa namna hiyo. Muhimbili ilipoanza kupandikiza vifaa vya kusikia ndani ya sikio mwezi Juni 2017, waliochaguliwa walikuwa watoto wadogo, kwa kuwa sehemu ya ubongo inayotambua maneno haikai wazi milele ikingoja.

Basi mtoto mwenye tatizo atajulikanaje mapema? Tuchukue mfano wa Mapinga, kata iliyo kando ya barabara ya Bagamoyo, mara tu baada ya kuvuka Bunju, kabla ya Kerege na Zinga. Mtoto wa hapo, kama mtoto yeyote wa Tanzania, hupelekwa kliniki kwa chanjo anapozaliwa, kisha katika wiki ya 6, ya 10 na ya 14, halafu miezi 9 na miezi 18. Hizo ni nafasi sita ambazo mtumishi wa afya anamwona mtoto ana kwa ana. Mara nyingi hata hivyo mtoto hutiwa kwenye mzani, uzito ukaandikwa katika kadi, sindano ikachomwa, na foleni ikasogea. Mzani hauwezi kusema kama mtoto anageuza kichwa asikiapo sauti ya mama yake.

Shirika la Afya Duniani lilichapisha mwaka 2006 matokeo ya uchunguzi wa watoto wazima wa Ghana, India, Norway, Marekani na Oman. Ilionekana kuwa watoto karibu wote huweza kukaa bila kuegemezwa baina ya umri wa miezi 3.8 na 9.2, na kutembea wenyewe baina ya miezi 8.2 na 17.6. Msomaji aangalie upana wa vipindi hivyo. Mtoto wa miezi 14 asiyetembea huenda hana tatizo lolote, na jirani anayemtisha mama yake anamwonea bure. Lakini mtoto wa miezi 10 asiyeweza kukaa amekwisha kutoka nje ya mpaka, na maneno ya faraja ya bibi, kwamba hata baba yake alichelewa, yasitumiwe kuahirisha safari ya hospitali.

Sababu za ucheleweshaji ni nyingi, na baadhi zina sura ya pwani. Mojawapo ni umanjano wa mtoto mchanga. Seli nyekundu za damu zivunjikapo hutoa dutu ya manjano iitwayo bilirubini. Ini la mtoto, ambalo bado ni changa, huenda lisiweze kuiondoa yote, na ikizidi sana huingia katika ubongo na kuharibu sehemu zinazoongoza mwendo na kusikia. Tiba yake ni mwanga wa buluu, ambao hubadili umbo la molekuli za bilirubini ili mwili uweze kuzitoa. Jua la asubuhi dirishani halitoshi kwa mtoto aliyezidiwa. Isitoshe, penye historia ndefu ya malaria watu wengi hurithi upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, na damu ya mtoto wa namna hiyo huvunjika upesi akikutana na naftalini, vile vidonge vyeupe vya kufukuzia nondo. Kanga na nguo za mtoto zilizohifadhiwa sandukuni pamoja na vidonge hivyo zaweza kumdhuru siku ya kwanza anapofunikwa.

Sababu nyingine ni degedege. Jina lenyewe linatokana na dege, yaani ndege mkubwa, ambaye katika masimulizi ya pwani kivuli chake humwangukia mtoto. Watafiti waliofanya kazi wilayani Bagamoyo, ambao uchunguzi wao ulichapishwa mwaka 1996, waliona kuwa wazazi wengi hawakuihesabu degedege kuwa malaria. Walianza kwa dawa za nyumbani na za mganga, pamoja na kumfukiza mtoto kwa kinyesi cha tembo, na wengine waliiogopa sindano kuwa ndiyo itakayomwua. Haifai kuwacheka. Waliona kwa macho yao watoto wakifa baada ya kuchomwa sindano, kwa sababu walifikishwa hospitali wakiwa wamechelewa mno. Mtukutiko mfupi unaoletwa na homa tu mara nyingi hauachi dhara. Lakini malaria ya ubongo huziba mishipa midogo ya damu na kushusha sukari, na huacha alama. Uchunguzi uliofanyika Kampala na kuchapishwa mwaka 2008 ulionyesha kuwa, miaka miwili baada ya kupona, takriban mtoto mmoja kati ya wanne alikuwa bado na upungufu katika fikra. Kwa hiyo chanjo za malaria zilizojaribiwa Bagamoyo na Taasisi ya Afya Ifakara, ile ya RTS,S iliyopendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2021 na ile ya R21 mwaka 2023, zinalinda uhai, na zinalinda pia akili ya mwanafunzi wa kesho.

Msaada wenyewe hutegemea aina ya tatizo. Mguu kifundo, yaani nyayo zilizopinda kuelekea ndani, ni mfano wa tatizo linalokwisha kabisa likiwahiwa. Daktari Ignacio Ponseti alionyesha kuwa mguu wa mtoto mchanga waweza kunyooshwa taratibu kwa mikono na kufungwa plasta inayobadilishwa kila wiki, mara tano au sita hivi. Kisha mara nyingi kano ya kisigino hukatwa kidogo, na mtoto huvaa usiku viatu vilivyounganishwa kwa ufito mpaka afikishe miaka minne. Huduma hiyo hupatikana katika hospitali ya CCBRT, Msasani, shirika lililoanzishwa mwaka 1994. Mtoto mwenye kichwa kinachokua kupita kiasi kwa kujaa maji naye lazima awahi. Huko Mbale, Uganda, Daktari Benjamin Warf alikuza mwanzoni mwa miaka ya 2000 njia ya kuyafungulia maji hayo mkondo ndani ya ubongo wenyewe, ili mtoto asitegemee mrija unaoweza kuziba akiwa mbali na mpasuaji.

Utindio wa ubongo ni jambo jingine, na hapa ukweli usifichwe: hakuna tiba inayolirudisha jeraha la ubongo. Wanaouza dawa ya kuliponya wanauza maji. Lakini mtoto asiyehudumiwa hupata madhara ya pili yasiyokuwa ya lazima: viungo hukakamaa, chakula huingia katika njia ya hewa kwa kuwa analishwa akiwa amelala chali, na akili iliyo nzima hudumaa kwa kutazama dari siku nzima. Mama hufundishwa kumlisha akiwa ameketi wima, kidevu kikiwa kimeinama kidogo. Kumbeba ubavuni miguu ikiwa imetanuliwa. Kumpa kifuu, kijiko na kopo lenye mbegu avishike. Kiti cha kumfaa chaweza kutengenezwa kwa makaratasi magumu yaliyogandishwa kwa gundi ya unga, ufundi ulioenea kutoka Zimbabwe. Kazi hiyo ni ya kila siku, nayo humwangukia mama, ambaye akikaa Mapinga hana budi kupanda daladala na mtoto anayezidi kuwa mzito. Wengi huacha kuhudhuria wakati huo huo ambao mtoto anaanza kunufaika.

Je, msaada unaopelekwa nyumbani unafaa? Huko Kingston, Jamaika, katika miaka ya 1980, watoto 129 waliodumaa, wenye umri wa miezi 9 hadi 24, waligawanywa katika makundi. Baadhi yao walitembelewa saa moja kila wiki kwa miaka miwili na wahudumu wa afya wa kawaida, waliowaonyesha akina mama jinsi ya kucheza na kuzungumza na watoto wao. Miaka 20 baadaye waliotembelewa walikuwa na kipato kilichozidi cha wenzao kwa asilimia 25. Tanzania nayo ilizindua mwezi Desemba 2021 Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto. Thamani yake itapimwa katika zahanati za kata: kama yupo mtu mwenye dakika kumi za kumtazama mtoto baada ya mzani.

Kazi ya darasani. Mzingo wa kichwa cha mtoto mchanga ni sentimeta 35 hivi, na wa mtoto wa mwaka mmoja ni kiasi cha sentimeta 46. Kichwa kikichukuliwa kuwa tufe, kokotoa ujazo wake katika kila umri. Itaonekana kuwa mzingo umeongezeka kwa chini ya theluthi moja, lakini ujazo umezidi mara mbili. Linganisha jibu na uzito wa ubongo uliotajwa mwanzoni, kisha eleza kwa nini utosi wa mtoto haufungi mapema, na kwa nini utepe wa fundi cherehani ni chombo cha kutosha kugundua kichwa kinachojaa maji.