Mng'ao Usio wa Dhahabu

Swali: Kwenye jumba la makumbusho niliona bakuli la udongo la kale kutoka Iraq, michoro yake iking'aa kama dhahabu. Je, lilipakwa dhahabu kweli?

Jibu: Hapana. Uliyoyaona ni matokeo ya fedha, shaba na moshi. Mafundi wa vioo wa Misri na Syria walitangulia kutumia rangi ya aina hiyo. Wafinyanzi wa Iraq, hasa Basra, wakaihamishia kwenye vyombo vya udongo katika karne ya 9, enzi ya Waabasi.

Kwanza bakuli lilipakwa tabaka la kioo, lililofanywa jeupe kwa bati, likachomwa. Kisha fundi alichanganya misombo ya fedha na shaba na udongo mwekundu na siki, akachora. Bakuli likarudi tanurini kwa moto wa chini zaidi, hewa ikapunguzwa, moshi ukatanda. Hapo ndipo penye ufundi hasa, nami nawavulia kofia watu wale: moshi uliinyang'anya misombo oksijeni yake, zikabaki chembe ndogo mno za metali ndani ya uso wa kioo. Moto ukizidi, mchoro umeharibika; moshi ukipungua, hakuna mng'ao. Walipima yote hayo kwa macho tu.

Mwaka 1301 Abu'l-Qasim wa Kashan, Iran, mtoto wa ukoo wa wafinyanzi, aliyaandika maelezo ya kazi hiyo. Ukipata nafasi, vitazame vigae vyenye mng'ao huo kwenye mihrabu ya Msikiti Mkuu wa Kairouan, Tunisia: ni vya karne ya 9, na bado viko ukutani.