Usibadilishe Mipangilio ya Seva kwa Mbali Bila Njia ya Kurudi: Kijitabu cha Elimu kwa Taasisi za Musoma, Bunda na Butiama

Malalamiko yanayoletwa na shule, zahanati, nyumba za wageni na vyama vya ushirika vya wilaya hizi yanafanana mno. Mfumo ulikuwa unafanya kazi asubuhi, fundi akaingia kutoka Mwanza au Dar es Salaam kurekebisha kitu kidogo tu, na tangu hapo seva haipatikani. Lawama hutupiwa kampuni ya simu, umeme au wadukuzi. Mara nyingi hakuna aliyedukua chochote. Fundi alibadilisha anwani ya IP, lango la kutokea au seva za majina, akathibitisha, na badiliko hilohilo likafunga njia aliyokuwa anaitumia kuingia. Ni kukata tawi ulilokalia. Kijitabu hiki kinaishikilia hatari hiyo moja kuliko nyingine zote, kwa sababu ndiyo inayopuuzwa zaidi, na kwa sababu kinga yake haigharimu hata shilingi.

Mkuu wa taasisi hahitaji kuwa mtaalamu wa TEHAMA ili aelewe kinachochezewa. Kila seva hubeba mambo manne: anwani yake, ukubwa wa mtandao iliomo, lango linaloitoa nje ya ofisi, na anwani za seva za majina inazoziuliza kila inapotaka kujua jina fulani liko wapi. Kosa katika kila moja lina dalili yake. Lango likikosewa, walio ofisini wataiona seva kama kawaida huku walio nje wakigonga mwamba. Ndiyo maana mwalimu mkuu huapa kwamba mfumo ni mzima wakati mzazi aliyeko Bunda mjini hapati matokeo ya mwanawe. Seva za majina zikikosewa, ukiandika namba za anwani unafika, ukiandika jina hufiki. Na kama anwani ya seva imechukuliwa kutoka kwenye fungu ambalo ruta inaligawa yenyewe kwa simu na kompyuta za wageni, siku moja kifaa kingine kitapewa anwani hiyohiyo, na vyote viwili vitayumba bila mtu kujua sababu.

Wapo wanaosema kujifungia nje ni kosa la wanagenzi. Ushahidi unakataa. Tarehe 4 Oktoba 2021, jioni kwa saa zetu, Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika dunia nzima kwa takriban saa sita. Kwa maelezo ya kampuni yenyewe, amri iliyotolewa wakati wa matengenezo ya kawaida ilikata miunganisho ya mtandao wake wa ndani, na programu iliyopaswa kuizuia amri hiyo ilikuwa na hitilafu. Seva zao za majina, zilipoona haziwezi kuvifikia vituo vya data, ziliacha kujitangaza kwenye intaneti, na jina la Facebook likawa kama halijawahi kuwepo. Wahandisi hawakuweza kulitibu hilo kwa mbali, maana vifaa walivyovitegemea vilipita kwenye mtandao uleule uliokufa. Ilibidi watu waende kwa miguu yao hadi penye mitambo. Ikiwa kampuni yenye wahandisi wa kiwango hicho ilifungiwa nje na amri moja, uzoefu wa fundi mmoja si kinga ya kutosha kwa seva iliyo kwenye chumba cha nyuma cha ofisi ya ushirika Butiama.

Kinga yenyewe ni hii, na hatutachoka kuirudia: badiliko lolote la mtandao lijirudishe lenyewe lisipothibitishwa. Kwenye Ubuntu Server, mipangilio huandikwa katika faili zinazoishia na .yaml ndani ya folda ya /etc/netplan. Mafundi wengi huzoea amri ya netplan apply, ambayo hutekeleza papo hapo na haina huruma. Tumia netplan try. Amri hii huweka mipangilio mipya, kisha husubiri sekunde 120. Fundi asipobonyeza kitufe cha kukubali, iwe kwa sababu amefungiwa nje au amesita, seva hurudia mipangilio ya zamani. Lakini isiaminiwe kupita kiasi. Mahali ambapo kadi kadhaa za mtandao zimeunganishwa zifanye kazi kama moja, urejeshaji huo unaweza kushindwa, na hapo lazima awepo mtu mbele ya skrini. Nakala ya faili la zamani nayo ihifadhiwe, ila si ndani ya folda ileile kwa jina linaloishia na .yaml, kwa kuwa mfumo husoma faili zote za aina hiyo na kuzichanganya. Tahadhari ya namna hiyo huzaa hitilafu nyingine. Kwenye mifumo isiyo na amri kama hiyo, ikiwemo Windows Server, fundi apange kwanza kazi ya kurejesha mipangilio ya zamani baada ya dakika kumi, ndipo abadilishe. Akifanikiwa, aifute kazi hiyo. 

Baada ya hapo, izimeni seva na kuiwasha tena mchana kweupe, fundi akiwa bado kazini. Kuna mipangilio inayowekwa kwa amri ya muda, hufanya kazi vizuri kwa wiki kadhaa, kisha hupotea umeme unapokatika usiku. Mingine huandikwa kwenye faili la /etc/resolv.conf, ambalo Ubuntu huliandika upya yenyewe. Umeme hubebeshwa lawama ambayo si yake.

Tunaambiwa kwamba hatua hizi zinachelewesha kazi, na kwamba kumweka mtu ofisini wakati fundi anafanya kazi kwa mbali ni gharama. Dakika mbili za kusubiri haziwezi kuwekwa mizani moja na safari ya zaidi ya kilomita 200 kutoka Mwanza hadi Musoma, huku mapokezi ya hospitali yakiandika wagonjwa kwenye daftari. Hoja ya pili ina uzito kidogo: si kila zahanati ina mfanyakazi anayeelewa seva. Hahitaji kuielewa. Anahitaji kuwa na ufunguo wa chumba, skrini na kibodi vilivyounganishwa tayari, na simu yenye chaji. Na wenye seva za kukodi kwenye wingu wasijione wamesalimika. Wahakikishe kabla ya badiliko kwamba wanajua kulifungua dirisha la dharura la mtoa huduma wao, lile linaloonyesha skrini ya seva hata mtandao wake ukiwa umekatika.

Jina la kikoa linahitaji ukali uleule. Kanuni za kiufundi za mwaka 1987 zinadai kila kikoa kiwe na angalau seva mbili za majina, na mwongozo wa 1997 ukaongeza kwamba zikae sehemu tofauti na kwenye mitandao tofauti. Wengi huandika mbili ambazo zote ziko kwa mtoa huduma mmoja ng'ambo. Tarehe 12 Mei 2024, kebo za baharini za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu, intaneti ya Tanzania ilidorora vibaya. Katika hali kama hiyo, seva iliyoko Musoma inaweza kuwa nzima, na anayeitafuta akawa Musoma hiyohiyo, lakini jina lake lisijibiwe kwa kuwa wanaolijua wote wako ng'ambo ya bahari. Seva moja ya majina iwe ndani ya nchi. Tena, kabla ya kuhamishia jina kwenye anwani mpya, punguzeni muda wa kumbukumbu yake kutoka sekunde 86,400 hadi 300 siku moja kabla, la sivyo baadhi ya wateja wataendelea kupelekwa kwenye anwani ya zamani kwa siku nzima.

Kuhusu nani anastahili jina gani: co.tz ni ya biashara, or.tz ya mashirika, sc.tz ya shule, ac.tz ya vyuo, na go.tz ya taasisi za umma kupitia Mamlaka ya Serikali Mtandao. Masharti mengine mtapewa na msajili aliyeidhinishwa. Lisilovumilika ni jina la taasisi kusajiliwa kwa barua pepe binafsi ya fundi, kwani akiondoka, anaondoka na uwezo wa kulibadilisha. Lisajiliwe kwa barua pepe ya ofisi, na tarehe ya kulipia upya iandikwe kwenye karatasi iliyobandikwa ubavuni mwa seva, yenye anwani, lango, seva za majina na namba ya simu ya mwenye ufunguo.