Maktaba ya Ramani ni Ghala la Chama: Litunzwe kwa Daftari

Somo kwa Bodi, Mameneja na Kamati za Ujenzi za vyama vya msingi

Shabaha ya somo

Kuwawezesha viongozi wa vyama kufahamu ramani inayochorwa kwa kompyuta imeundwa na nini, jinsi inavyoweza kupotea au kupotoka, na taratibu za kuitunza kama mali nyingine yoyote ya wanachama.

1. Utangulizi

Chama cha Kasulu au Kibondo kinachotaka kujenga ghala la mahindi, maharage au tumbaku hakichorewi tena ramani kwa wino na rula. Mchoraji, awe yuko Kasulu mjini au Dar es Salaam, huichora kwa kompyuta. Bodi hupokea karatasi zilizopigwa chapa, hulipa ada, huzitia katika jalada, na kuona kwamba kazi imekwisha.

Hapo ndipo hasara inapoanzia. Karatasi ile ni nakala tu. Ramani yenyewe, ile inayoweza kurekebishwa na kuhesabiwa vifaa, imebaki katika kompyuta ya mtu mwingine. Siku chama kitakapotaka kuongeza chumba cha mizani, mchoraji aweza kuwa amehama, au kompyuta yake imeharibika, au faili lipo lakini halifunguki. Chama hulazimika kulipa mara ya pili kwa kitu kilichokwisha kulipiwa kwa mazao ya wanachama.

2. Maktaba ya vifaa

Programu zinazotumika sana kwa kazi hii ni AutoCAD, iliyotolewa Marekani mwaka 1982, ArchiCAD, ya kampuni ya Graphisoft ya Hungaria, na Revit. Mchoraji anayezitumia hachori kila mlango upya. Huchukua mlango uliokwisha kuchorwa kutoka katika maktaba ya vifaa, akauweka mahali pake. Madirisha, vyoo, nguzo, kenchi, matofali, hata kisanduku cha maandishi pembeni mwa karatasi, vyote hutoka humo. Revit huviita vifaa hivyo familia. AutoCAD huviita bloku.

Kifaa cha maktaba si picha tu. Mara nyingi kimebeba vipimo vyake na aina ya kitu kilichotengenezewa, na kwa sababu hiyo programu inaweza kutoa hesabu ya milango au eneo la kuta. Kikiwa na kipimo cha uongo, hesabu yote itakuwa ya uongo, ingawa karatasi itapendeza macho.

Kwa mtu wa ushirika, maktaba hiyo ni ghala. Vitu huingia na vitu hutoka. Vipo vizima na vipo vilivyopitwa na wakati. Ghala lisilo na daftari wala mtunzaji, kila mwanachama anajua mwisho wake.

3. Njia nne za hasara

(a) *Faili kusafiri bila vifaa vyake.* Katika ArchiCAD, faili la kawaida, lenye mwisho wa .pln, kwa kawaida halibebi vifaa vya maktaba. Hukumbuka tu mahali vilipo katika kompyuta ya mwenyewe. Likifunguliwa kwingine, badala ya milango na madirisha huonekana vidoto. Dawa ni kuhifadhi ramani kama faili la kumbukumbu, lenye mwisho wa .pla, pamoja na vifaa vyake vyote. Mtumiaji wa AutoCAD naye akusanye michoro yote inayorejewa na ramani kuu, aikabidhi pamoja nayo.

(b) *Vipimo vya ugenini.* Maktaba nyingi hutengenezwa kwa vifaa vya Ulaya na Marekani. Tofali la kiwango cha Uingereza lina urefu wa milimeta 215 na kimo cha milimeta 65. Pamoja na kiungio cha milimeta 10, meta moja ya mraba ya ukuta wa mstari mmoja huhitaji yapata matofali 60. Tuseme tofali la kuchoma la kijijini, likipimwa, lina urefu wa milimeta 240 na kimo cha 90, na fundi hutumia kiungio cha milimeta 15. Meta moja ya mraba sasa huhitaji yapata matofali 37. Kwa ukuta wa meta 90 za mraba, maktaba ya ugenini itadai matofali 5,400 na tofali la kijijini litadai 3,330, kabla ya kuongeza ya kuvunjika. Tofauti ni matofali 2,070 ambayo chama kingenunua bure, na kuni zilizoyachoma zimekwisha kuwa majivu.

(c) *Programu kupanda toleo.* AutoCAD na Revit hutoa toleo jipya kila mwaka. Faili la Revit likishahifadhiwa katika toleo jipya, toleo la zamani haliwezi kulifungua. ArchiCAD huruhusu kurudi nyuma kwa toleo moja tu. Faili la AutoCAD lililohifadhiwa kwa muundo wa 2018 halifunguki katika AutoCAD ya 2017 au ya nyuma yake, ila mwenye toleo jipya aweza kulihifadhi kwa muundo wa zamani akitakiwa. Basi mchoraji wa Dar es Salaam akipandisha toleo bila kusema, mwenzake wa Kibondo anayesimamia ujenzi hubaki na faili asiloweza kulisoma.

(d) *Marekebisho yasiyofika kiwanjani.* Mbunifu amebadili nafasi ya kenchi, lakini fundi anafuata karatasi ya mwezi uliopita. Mvua za Novemba zikikaribia hakuna anayeuliza. Kila mtu anataka bati lipande. Hata kisanduku cha maandishi huhitaji kurekebishwa. Mwaka 2012 Wilaya ya Buhigwe ilitokana na Kasulu, na Kakonko ikatokana na Kibondo. Chama cha Buhigwe kinachochukua tena ramani iliyochorwa kabla ya hapo kitakuta imeandikwa Wilaya ya Kasulu. Ikipelekwa hivyo kuombewa kibali, yaweza kurudishwa na muda ukapotea.

4. Daftari la maktaba

Chama hakihitaji kuwa na kompyuta ndipo kitunze ramani zake. Kinahitaji daftari lenye safu hizi: jina la jengo, jina la faili, programu na toleo lake, herufi ya marekebisho (A, B, C na kuendelea), tarehe, aliyebadili, aliyeidhinisha, na mahali nakala zilipo.

Nakala ziwe tatu: moja katika diski ndani ya sefu ya chama, ya pili katika chama kikuu, ya tatu kwa mbunifu. Kila nakala iwe na mambo manne: faili la asili pamoja na vifaa vyake, faili la PDF, ambalo husomeka bila programu ya uchoraji, faili la IFC pale programu inapoweza kulitoa, kwa kuwa ni muundo wa wazi unaosomwa na programu mbalimbali, na orodha ya vipimo vya vifaa vya mahali. Diski ifunguliwe na kukaguliwa kila mwaka, wakati wa kuhesabu mali.

5. Utaratibu wa kupandisha toleo

1. Ujenzi ukiendelea, toleo la programu na la maktaba lisibadilishwe. Libadilishwe kati ya kazi na kazi.
2. Kabla ya kupandisha, nakala ya zamani ihifadhiwe kando, isiguswe.
3. Faili likishapandishwa, ichapwe karatasi moja na kulinganishwa na ya zamani: idadi ya milango, urefu wa kuta, kimo cha kenchi.
4. Kifaa kipya kisiingie katika maktaba mpaka kipimwe kwa tepu dhidi ya kitu chenyewe: tofali la tanuri la kijijini, bati la dukani, mbao ya sokoni.
5. Badiliko linalogusa uimara wa jengo liidhinishwe na mtaalamu anayehusika, aliyesajiliwa na bodi yake.
6. Marekebisho mapya yakifika kiwanjani, karatasi za zamani zirudishwe na kupigwa muhuri wa BATILI. Fundi atie sahihi kwamba amepokea.

6. Mkataba useme nini

Mambo haya hayana nguvu yasipoandikwa kabla ya malipo. Mkataba utaje kwamba malipo ya mwisho yatatolewa baada ya kukabidhiwa faili la asili pamoja na vifaa vyake. Utaje programu na toleo. Na useme wazi nani ana haki ya kuitumia ramani tena kwa jengo jingine. Mchoraji atumie programu kwa leseni halali, kwani Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 hulinda programu za kompyuta kama inavyolinda vitabu.

Wakati wa makabidhiano, Meneja asitosheke kuambiwa, "Ndugu Meneja, kila kitu kimo." Diski ifunguliwe mbele yake katika kompyuta nyingine, isiyo ya mchoraji. Vidoto vikionekana mahali pa milango, malipo yangoje.

7. Maswali ya majadiliano

1. Chama chenu kina majengo mangapi, na ramani za mangapi zipo katika faili linalofunguka?
2. Tofali la kijiji chenu lina vipimo gani? Je, mchoraji wenu aliwahi kulipima?
3. Mchoraji akihama kesho, ni nani ataweza kuendeleza kazi yake, na kwa kutumia nini?
4. Karatasi iliyo mikononi mwa fundi leo ni ya marekebisho gani?

Wahenga wa ushirika walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Waliyasema hayo kwa magunia na fedha. Ramani nayo ni mali, na daftari lake halizidi gharama ya kitabu kimoja na kalamu.