Nimevua Gwanda, Nirudi Shule?

*Dada, mkataba wangu jeshini umekwisha. Nilikuwa fundi wa magari, nikafika hadi Darfur kulinda amani. Shule niliishia kidato cha tatu. Binamu yangu aliye Marekani anasema kule serikali humlipia askari chuo kikuu. Je, huku kwetu? Natamani shahada ya utawala, masomo ya jioni. Mama watoto anataka akiba yote iliyoko benki ya Zigama tununulie pikipiki ya abiria. Nishauri.*
*Koplo wa zamani, Rebero, Kigali*

Koplo, pole kwa kazi na karibu uraiani.

Binamu yako hakudanganyi. Marekani walipitisha sheria ya kuwasomesha askari Juni 1944, vita vikiwa bado vinapiganwa, na mpaka leo askari aliyetimiza masharti hulipiwa ada na posho ya kujikimu. Kwetu mambo yalikwenda vingine. Baada ya 1994 kadogo, yaani askari watoto, walipelekwa darasani Butare, katika shule iliyofunguliwa kwa ajili yao. Mwaka 1997 ikaundwa tume ya kuwarejesha askari katika maisha ya kiraia. Wengi walipewa fedha taslimu za kuanzia maisha, na msaada wa masomo au ufundi ukawaendea zaidi wenye hali ngumu, wakiwemo walioumia vitani. Kambi ya Mutobo, kule Musanze, ikawa ya kuwapokea wapiganaji wanaotoka misitu ya Kongo. Wewe humo katika makundi hayo. Hukupunguzwa wala hukutoka msituni. Umemaliza mkataba wako kwa heshima. Kaulize Wizara ya Ulinzi unachostahili, lakini usipange maisha kwa kungoja ada kutoka huko.

Tuje kwenye hiyo shahada. Ili upokelewe chuo kikuu unatakiwa kwanza uwe umefaulu kidato cha sita. Anayekuambia kidato cha tatu kinatosha anaitaka ada yako tu. Unaweza kujisajili kama mtahiniwa binafsi, sikukatazi, ila hesabu miaka ya sekondari kabla hujafika hata mlangoni, watoto wakiwa wanakula. Na ukishahitimu utawala utapanga foleni na vijana wa Kigali ambao bahasha zao za vyeti zimeanza kuchakaa.

Mimi ningeanzia mikononi mwako. Mtu aliyeshusha giaboksi ya lori kwenye joto la Darfur, mchanga ukimwingia mpaka ndani ya fulana, hahitaji kufundishwa spana ni nini. Anachokosa ni karatasi ya kumwonyesha mwajiri. Bodi ya ufundi, RTB, ina utaratibu wa kumpima mtu kwa ujuzi alioupata kazini na kumpa cheti. Mafundi ujenzi wengi wamekwisha kukipata kupitia chama chao, STECOMA. Ulizia hilo kabla ya kulipa ada yoyote. Kisha, ukiona una pengo, chuo cha ufundi kilichojulikana kama IPRC Kigali kiko hapo hapo Kicukiro, na Wasalesiani wa Gatenga wamefundisha ufundi kwa miaka mingi, tena karibu na kwako.

Pengo lenyewe nalihisi: umeme. Hapa ndipo shemeji ana hoja, ingawa si ile aliyoitaja. Serikali ilitangaza kwamba kuanzia Januari 2025 pikipiki mpya za abiria zinazosajiliwa Kigali ziwe za umeme. Akiba yote ikiishia kwenye pikipiki moja, siku ikigongwa Nyabugogo mmebaki bila akiba na mguu uliofungwa plasta. Sehemu ya akiba hiyo ikilipia kozi ya umeme wa vyombo vya moto, pikipiki za wenzako zitakufuata zenyewe. Kaeni wawili mkubaliane kiasi cha kozi. Kinachobaki kikae Zigama mpaka uwe na kazi.

Ila kabla ya yote rudi kikosini uombe nakala za kozi zote ulizofanya, hata ile ya wiki mbili unayoidharau. Watakaokupima wataziulizia.