KIPOFU ANAYEONA BILA KUJUA



Juma lililopita, hapa Mususa, wamoja kati yetu waliweka bidoni katikati ya njia mbele ya mzee kipofu. Mzee akaizunguka bila kuigusa. Wakapiga kelele: «Mwongo, anaona!» Sisi wa mwaka wa sita tulikuwapo, tukacheka nao. Ndiyo sababu tunaandika somo hili.

Je, tunaona kwa macho peke yake? Hapana. Macho yanapokea mwanga, kisha mshipa wa fahamu unapeleka habari mpaka nyuma ya ubongo, upande wa kisogo. Sehemu ile ikiharibika, mtu anakuwa kipofu hata kama macho yake ni mazima. Malaria ya ubongo inaweza kumpofusha mtoto namna hiyo kwa muda.

Lakini habari za macho zina vijia vingine vidogo ndani ya ubongo. Vijia hivi vinaweza kuongoza mkono na mguu, na mwenyewe asijue kitu.

Mwaka 1974, kule Uingereza, Weiskrantz na wenzake waliandika juu ya mgonjwa D.B. Alikuwa amepasuliwa ubongo, akawa haoni tena upande wa kushoto. Walipowasha taa upande ule, alisema haoni. Wakamwomba abahatishe tu, aonyeshe kwa kidole. Mara nyingi alipata, akashangaa mwenyewe.

Munganga mmoja, anayeitwa TN katika maandiko ya wataalamu, alipatwa na kiharusi mara mbili akawa kipofu kabisa. Mwaka 2008 iliandikwa jinsi alivyopita bila fimbo katika ukumbi mwembamba wenye masanduku na vitu vingine, asigonge hata kimoja. Hakujua kama amekwepa kitu.

Angalieni: si vipofu wote. Kama jicho lenyewe limekufa, kwa mfano kwa ugonjwa unaoletwa na nzi wadogo wa mtoni, vijia vile havina habari ya kupeleka. Huyo anasaidiwa na masikio, miguu na fimbo.

Basi, kipofu akikwepa bidoni, asiitwe mwongo. Tena Walawi 19:14 inatukataza kabisa kumwekea kikwazo. Siku ya posho, kisha masomo, tutaenda kwa mzee kuomba musamaha. Tulicheka wote, twende wote.

MAULIZO
1. Macho mazima yanaweza kuwa ya kipofu namna gani?
2. D.B. na TN wanatofautiana wapi?
3. Wewe ulikuwa wapi siku ile ya bidoni?

Kiongozi wa wanafunzi, mwaka wa sita