Maji ya Kunywa Nachemsha, Kichocho Kimeingiaje?

Swali hili lina haki yake. Mama wa Igombe au Ukerewe, kando ya ziwa, amechemsha maji, kayachuja, kayafunika. Mtoto anapimwa choo, anakutwa na kichocho. Mama hakukosea. Kichocho hakingoji kunywewa: hupenya ngozi, hata isiyo na mkwaruzo.

Chanzo ni kinyesi. Mwenye minyoo ya kichocho akijisaidia kichakani karibu na ufuko, mvua husomba kila kitu hadi ziwani. Mayai ya minyoo hiyo yakifika majini huanguliwa na kutoa vijidudu visivyoonekana kwa macho, navyo visipompata konokono ndani ya siku moja hivi, hufa. Konokono huyo ni mdogo, ganda lake bapa limejiviringa, na hukaa kwenye majani ya kina kifupi, palepale tunapofulia na kuchota. Ndani yake vijidudu huongezeka kwa wiki kadhaa, kisha hutoka viluwiluwi kwa maelfu, hasa jua likiwa kali. Kwa hiyo saa sita hadi saa tisa mchana, watoto wanapopenda kuogelea, ndipo hatari inapozidi. Dakika chache majini zinatosha.

Mwilini viluwiluwi hukomaa kuwa minyoo, dume na jike wakiishi pamoja kwenye mishipa ya damu ya utumbo, kwa miaka. Kinachoumiza zaidi ni mayai yao. Mengine hutoka na choo; mengine hunasa kwenye utumbo na ini. Ndiyo maana tumbo huuma, mtu huharisha damu, na baadaye ini na bandama huvimba.

Wengi husubiri kuona damu kwenye mkojo. Hiyo ni dalili ya kichocho cha kibofu, kinachopatikana zaidi kwenye malambo na madimbwi, kama ya Kwimba na Misungwi. Cha ziwani hujificha tumboni, hivyo peleka choo kipimwe.

Dawa ni prazikwanteli, vidonge vinavyotolewa kwa kufuata uzito au urefu. Mtoto ale kwanza, vinginevyo atasikia kichefuchefu. Dawa huua minyoo iliyokomaa; michanga husalimika, na anayerudi majini huambukizwa tena. Usishangae kuambiwa urudie.

Maji ya kuogea yachuje kwa kitambaa, uyaache siku mbili kwenye pipa lenye mfuniko: viluwiluwi visipopata mtu hufa. Mwenye haraka ayachemshe, kisha ayaache yapoe. Ya kunywa endelea kuchemsha, maana vijidudu vya kipindupindu havifi kwa kungojwa hivyo.

Mvuvi anayesukuma mtumbwi na mama anayeosha dagaa hawawezi kuyakwepa maji. Hao wasikose dawa, na mwalo wao usikose choo kinachotumika. Kugawa vidonge mahali pasipo na choo ni kazi nusu, na viongozi wa mtaa na kamati za mwalo waulizwe hilo kwenye mikutano.

Mwenye tumbo lililojaa maji, au anayetapika damu, hakurogwa: huenda ini lake limeumizwa na kichocho. Asingoje siku ya kugawa vidonge. Apelekwe hospitali siku hiyohiyo, na atapikaye damu apelekwe hata kama ni usiku.